Nani Anaunga Mifupa ya Nani?

Mwaka 2008 jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilichapisha jaribio ambalo kila anayeugua goti angefaa kulijua. Watafiti wa Ontario waliwaandaa wagonjwa wawili, mwanamume na mwanamke, wote wenye goti lililosagika kwa kiwango cha wastani. Hali zao zilifanana, na maelezo ya kumpa daktari waliyafanyia mazoezi mpaka yakawa yaleyale. Kisha wakapelekwa kwa madaktari 71: madaktari wa familia 38 na mabingwa wa upasuaji wa mifupa 33. Asilimia 67 ya madaktari hao walimshauri mwanamume awekewe goti la bandia. Mwanamke alishauriwa hivyo na asilimia 33. Watafiti walipowachambua mabingwa wa mifupa peke yao, uwezekano wa mwanamume kushauriwa upasuaji ulikadiriwa kuwa mara 22 ya ule wa mwanamke.

Hakuna anayesema madaktari wale walimchukia mwanamke. Wengi wao, wakiulizwa, wangeapa kwamba humtibu kila mtu sawa, na kiapo hicho kingetoka moyoni. Hilo ndilo la kutisha. Uamuzi wa nani apasuliwe na nani apewe vidonge arudi nyumbani hufikiwa kwa dakika chache, na katika dakika hizo daktari humsoma aliye mbele yake kwa macho aliyolelewa nayo. Basi ni haki kuuliza macho hayo ni ya akina nani.

Marekani, ambako takwimu za jambo hili zimekusanywa kwa miaka mingi, jibu liko wazi. Wanawake ni takriban asilimia 6 ya mabingwa wa upasuaji wa mifupa walio kazini. Watu Weusi ni kama asilimia 2, katika nchi ambayo wao ni karibu asilimia 13 ya wananchi. Walatino nao wako karibu na asilimia 2 hiyohiyo, ingawa ni kama mmoja kwa kila Wamarekani watano. Katika sensa ya mwaka 2018 ya Akademia ya Madaktari wa Upasuaji wa Mifupa ya Marekani, AAOS, takriban asilimia 85 ya waliojibu walijitaja kuwa Wazungu. Haya yanatokea wakati ambapo, tangu mwaka 2019, wanawake ndio wengi kati ya wanafunzi wa vyuo vya udaktari vya nchi hiyo. Zaidi ya nusu ya madaktari watarajiwa ni wanawake, lakini wakifika kwenye mlango wa mifupa wanapungua hadi wachache wa kuhesabika.

Maelezo ya kawaida ni kwamba hawaitaki kazi hiyo. Nimeyapima maelezo hayo kwa ushahidi uliopo na sioni kama yanasimama. Njia ya kuingia katika fani hii ilijengwa na watu waliofanana na kujuana, nayo humfungukia aliyeonyeshwa mapema na mtu wa ndani. Asiye na wa kumwonyesha hufika amechelewa, na kuchelewa kwake huitwa kutotaka. Dawa za hali hii si siri. Baadhi zimekwisha kujaribiwa na kupimwa, na ndizo zinazostahili nafasi kubwa katika mjadala huu. Lakini kwanza tuelewe kwa nini mgonjwa ana haki ya kulijali suala hili, hata kama hana mtoto anayesomea udaktari.

Mwaka 1993 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa waliofikishwa kwenye chumba cha dharura cha hospitali ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, wakiwa wamevunjika mifupa mirefu, yaani ya mkono au mguu. Asilimia 55 ya Walatino hawakupewa dawa yoyote ya maumivu. Kwa Wazungu, walionyimwa walikuwa asilimia 26. Miaka saba baadaye daktari aliyeongoza uchunguzi ule aliurudia mjini Atlanta kwa wagonjwa Weusi na Weupe: asilimia 74 ya Weupe walipewa dawa, Weusi asilimia 57. Ni mfupa uleule uliovunjika, na eksirei haionyeshi rangi ya ngozi.

Chanzo kimojawapo kilijitokeza mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walipowauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana Wazungu kama wanaamini mambo fulani kuhusu miili ya watu Weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Karibu nusu yao walikubali angalau dai moja la uongo. Walioamini zaidi uongo huo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo na kumchagulia tiba isiyofaa. Uongo wa namna hii ulikuwa ukisemwa zamani za utumwa. Kuukuta darasani katika karne hii, miongoni mwa vijana waliofaulu mitihani migumu kuliko yote, kunaonyesha kwamba mitihani hiyo haikuwahi kuugusa.

Upande wa jinsia kuna utafiti mkubwa kutoka Ontario uliotolewa na jarida la JAMA Surgery, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya milioni 1.3. Wanawake waliopasuliwa na madaktari wanaume walikuwa na uwezekano wa asilimia 15 zaidi wa kupata matokeo mabaya, na asilimia 32 zaidi wa kufa, kuliko wanawake waliopasuliwa na madaktari wanawake. Hapa pana haja ya uangalifu. Utafiti huo uliangalia rekodi. Haukuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na hauthibitishi kwamba mkono wa mwanamume ni mbovu. Ninavyousoma mimi, unaelekeza kidole kwenye mazungumzo ya kabla na baada ya kisu: nani anasikilizwa anapolalamika kwamba kidonda kinauma kupita kiasi, na nani anaambiwa avumilie.

Tuje kwenye historia, maana pengo la leo lilichimbwa kwa mikono ya watu na majina yao yanajulikana. Mwaka 1910 Abraham Flexner, kwa kazi aliyopewa na Wakfu wa Carnegie, alitoa ripoti kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada. Ripoti hiyo inasifiwa mpaka leo kwa kusafisha elimu ya udaktari, na ni kweli vyuo vingi vya wakati ule vilikuwa duni. Lakini kati ya vyuo saba vya watu Weusi, Flexner aliona viwili tu vinafaa kubaki, Howard na Meharry. Vingine vitano vikafungwa, cha mwisho mwaka 1923. Na kwa madaktari Weusi alishauri elimu yao isisitize usafi na kinga kuliko upasuaji, sababu mojawapo ikiwa kuwakinga Wazungu na maradhi ya jirani zao. Mwaka 2020 watafiti walikadiria kwamba vyuo vile vitano, kama vingeachwa viendelee, vingekuwa vimetoa wahitimu wengine 35,315 kufikia mwaka 2019. Zidisha idadi hiyo kwa wagonjwa ambao kila mmoja angewatibu, na kwa vijana ambao kila mmoja angewafundisha.

Wale wachache waliopenya walipenya peke yao. Ruth Jackson alifanya kazi ya mifupa Dallas, Texas. AAOS ilipoanzishwa mwaka 1933, wanaume wa fani yake walikaribishwa, yeye akaachwa nje. Akaenda kufanya mtihani wa bodi, akafaulu, na mwaka 1937 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama. J. Robert Gladden akawa Mweusi wa kwanza, mwaka 1951. Augustus White, mzaliwa wa Memphis, alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari Stanford mwaka 1961, na wa kwanza kusomea ubingwa wa upasuaji Yale. Baadaye alikuwa bingwa mkuu wa mifupa katika hospitali ya Beth Israel, Boston, na akaandika kitabu kizima kuhusu upendeleo ambao daktari huubeba bila kujua. Katika idara ya Yale, ambako White alikuwa amefundisha, ndimo alimotoka Claudia Thomas, mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Mfuatano huo unastahili kutazamwa vizuri: pale alipokuwapo mmoja, akatokea wa pili. AAOS yenyewe ilipata rais wake wa kwanza mwanamke, Kristy Weber, mwaka 2019, miaka 86 baada ya kuanzishwa. Waingereza walitangulia kidogo. Clare Marx, bingwa wa mifupa, aliongoza chama cha fani yake, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza.

Sasa turudi kwa wanaosema hawaitaki. Hoja yao ya kwanza ni nguvu. Mifupa, wanasema, ni kazi ya nyundo na patasi, kuvuta paja la mtu mzima lililoteguka, kusimama saa sita ukiwa umevaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi. Ni kweli kazi ni nzito. Lakini nyonga iliyochomoka hurudishwa kwa ufundi wa kuegemeza mwili na kwa ganzi inayolegeza misuli. Paja hunyooshwa na kitanda maalumu cha kuvutia. Mfupa hutobolewa na mashine. Wanaotaka kujua kama mwanamke anaweza kubeba mzigo saa sita wamuulize yeyote aliyelelewa na mama mkulima.

Hoja ya pili ni usiku na familia: kwamba wanawake hukwepa fani zenye zamu ngumu. Jibu la hoja hii liko jengo la jirani. Ukunga na magonjwa ya wanawake ni fani ya upasuaji, wagonjwa wake hawachagui saa, na dharura zake ni za kufa na kupona. Miaka ya sabini wanawake walikuwa wachache sana katika fani hiyo huko Marekani. Leo ni zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wanaosomea ubingwa wake. Fani ileile, zamu zilezile, na miongo michache tu imepita. Kilichobadilika ni kwamba wanawake waliona wanawake wenzao wakiifanya, na walioiongoza wakaacha kuwafanya wageni.

Fani ya magonjwa ya ngozi inatufundisha jambo lingine ambalo wanaharakati wengi hulipita haraka. Marekani, fani hiyo imefanikiwa kwa wanawake: wao ni kama nusu ya mabingwa na ndio wengi kati ya wanaosomea. Lakini kwa rangi imebaki nyuma kabisa, Weusi wakiwa karibu asilimia 3, na kwa muda mrefu imetajwa kuwa ya pili kutoka mwisho, ikiitangulia mifupa peke yake. Maana yake ni kwamba mapengo haya mawili hayafungwi kwa ufunguo mmoja. Idara inaweza kujaza wanawake wa tabaka moja na rangi moja, ikajisifu kwa takwimu zake, na mgonjwa Mweusi asione tofauti yoyote. Na mwanamke Mweusi, ambaye yumo katika mapengo yote mawili kwa pamoja, huwa wa mwisho kukumbukwa na mipango ya kila upande.

Mapengo hayo yanatofautiana pia mahali yanapoanzia. Kwa wanawake, uvujaji unatokea baada ya kuingia chuo cha udaktari, wakati wa kuchagua fani. Kwa vijana wa kiume Weusi unaanza mbali zaidi. Mwaka 1978 walioingia vyuo vya udaktari Marekani walikuwa 542. Mwaka 2014 walikuwa 515. Nchi iliongezeka watu kwa makumi ya mamilioni, haki za kiraia zikaimarishwa katika sheria, na idadi hiyo ikarudi nyuma. Ukizungumza na mkuu wa idara ya mifupa atakwambia waombaji Weusi ni wachache, na atakuwa sahihi. Lakini ukiishia hapo umekubali kwamba shule za msingi mbovu, ada kubwa na kukosa mlezi wa kitaaluma si shauri la hospitali.

Sehemu ambayo ni shauri la hospitali moja kwa moja ni mlango wa mafunzo ya ubingwa. Kwa miaka mingi idara za mifupa zilitumia alama za hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni kuwachuja waombaji kabla hata ya kusoma barua zao. Mtihani ule ulitungwa kuthibitisha kwamba mtu anafaa kupewa leseni. Haukutungwa kutabiri nani atakuwa mpasuaji hodari. Mwaka 2022 alama hizo ziliondolewa, matokeo yakawa kufaulu au kutofaulu tu. Wengi walishangilia, lakini idara nyingi zilihamishia chujio lilelile kwenye hatua ya pili ya mtihani, ambayo bado ina alama.

Kisha kuna mwezi wa kuonekana. Mwanafunzi anayetaka mifupa hutarajiwa kwenda kufanya kazi katika hospitali nyingine, mara nyingi zaidi ya moja, mbali na chuo chake, ili mabingwa wa huko wamfahamu. Nauli, pango na chakula ni juu yake. Mwenye mzazi daktari analijua hilo tangu mwaka wa kwanza na ana wa kumlipia. Mwingine hulisikia akiwa mwaka wa tatu, amekwisha kopa vya kutosha. Na katika usaili, wanawake wameripoti kwa wingi kuulizwa kuhusu ndoa na mipango ya uzazi, maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa.

Mwanafunzi pia hawezi kupenda asichokiona. Vyuo vingi vya udaktari Marekani vilikuwa vikimpitisha mwanafunzi miaka minne bila kumlazimisha kukaa hata wiki chache kwenye wodi ya mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la upasuaji wa mifupa ulionyesha kwamba vyuo vilivyofanya somo la mifupa na misuli kuwa la lazima vilitoa waombaji wengi zaidi wa fani hiyo, na ongezeko lilionekana zaidi kwa wanawake na watu wa jamii zilizokosa uwakilishi. Sioni hatua nyingine iliyo rahisi kama hiyo. Hakuna aliyependelewa wala aliyepunguziwa kiwango. Kilichotokea ni kwamba ratiba iliwalazimisha wote kuona, na waliokuwa hawajawahi kuona wakagundua kwamba wanaipenda.

Bonnie Simpson Mason, bingwa wa mifupa aliyelazimika kuacha upasuaji kwa sababu ya ugonjwa wa baridi yabisi, aliligeuza wazo hilo kuwa mpango kamili. Mwaka 2004 alianzisha Nth Dimensions. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari hupewa wiki nane za likizo katika kliniki na utafiti wa mifupa chini ya bingwa, kisha hufuatiliwa mwaka hadi mwaka: kuandaliwa kwa mitihani, kuandika maombi, kufanya usaili. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba wanawake na wanafunzi wa jamii zilizokosa uwakilishi waliopita humo waliomba nafasi za mifupa kwa kiwango kilichozidi mara nyingi kile cha wenzao wa nchi nzima. Mwaka 2009 mhandisi Jenni Buckley na mpasuaji Lisa Lattanza walianzisha Perry Initiative, iliyopewa jina la Jacquelin Perry, mmoja wa wanawake wa mwanzo wa fani hii, aliyewahudumia wagonjwa wa polio huko Rancho Los Amigos, California, na kuweka misingi ya kuchunguza mwendo wa binadamu. Huko wasichana wa sekondari hupewa keekee na misumeno, wakaunganisha mifupa ya plastiki kwa vyuma na skrubu. Siku moja ya kushika keekee hufuta miaka ya kuambiwa kwamba hiyo si kazi yako.

Ninaitazama mipango hii miwili kwa heshima kubwa, lakini pia naona mpaka wake. Inaleta watu mlangoni. Haisafishi nyumba.

Ndani ya nyumba, mambo ni magumu kwa namna ambayo asiyeyapitia huwa hayaoni. Chukua aproni ya risasi ya kukinga mionzi ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Ya kawaida ina mashimo makubwa ya mikono, na kwa mwanamke upande wa nje wa titi na kwapa hubaki wazi, mahali ambapo saratani ya matiti hupenda kuanzia. Uchunguzi wa dodoso kwa mabingwa wanawake wa mifupa Marekani ulikuta kiwango cha saratani ya matiti karibu mara tatu ya kile cha wanawake wengine. Waliojibu hawakuwa wengi na ushahidi unahitaji kuongezwa, lakini aproni zenye mabawa ya kufunika kwapa zipo madukani, na kinachosubiriwa ni sahihi ya mkuu wa manunuzi. Vivyo hivyo vishikio vya vifaa vilivyotengenezwa kwa kiganja kikubwa, na meza zinazoinuliwa kwa kimo cha mtu mrefu.

Kuna mabaya zaidi ya vifaa. Mwaka 2023 jarida la upasuaji la Uingereza lilichapisha matokeo ya dodoso kwa wafanyakazi wa upasuaji wa fani zote: karibu theluthi mbili ya wanawake waliojibu walikuwa wamebughudhiwa kingono na wenzao kazini katika miaka mitano iliyotangulia, na karibu theluthi moja walikuwa wameshambuliwa kingono. Anayefanya hivyo mara nyingi ndiye anayesaini ripoti ya maendeleo ya anayefanyiwa. Huwezi kumshawishi binti wa mtu aje kwenye fani huku unajua hili na hulitendei kitu.

Kwa upande wa rangi, takwimu za chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa Marekani za mwaka 2015 zilionyesha kwamba Weusi walikuwa karibu asilimia 5 ya waliokuwa mafunzoni, lakini asilimia 20 ya waliofukuzwa. Kosa ambalo kwa mmoja huitwa ujana, kwa mwingine huitwa kutofaa. Na wanaobaki hubebeshwa kazi za ziada: kila kamati inamtaka mwanamke mmoja na Mweusi mmoja, kila bango linataka sura yao, kila mwanafunzi mwenye shida anatumwa kwao. Saa hizo hazilipwi wala hazihesabiwi mtu anapopandishwa cheo. Mwenzake anazitumia kuandika makala za utafiti.

Yote haya sasa yanakabiliwa na upepo wa mbele. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo visizingatie rangi ya mwombaji katika kudahili. Katika mwaka wa masomo ulioanza 2024, wanafunzi wapya Weusi katika vyuo vya udaktari walipungua kwa asilimia 11.6, na Walatino kwa asilimia 10.8. Mwaka 2025, chini ya shinikizo la serikali, chombo cha ithibati cha vyuo hivyo kilifuta sharti lake la mchanganyiko wa wanafunzi. Wanaounga mkono mwelekeo huo wanasema mgonjwa anataka daktari hodari, basi. Nakubaliana nao kuhusu mgonjwa. Lakini daktari aliyemwacha Mlatino na mfupa uliovunjika bila dawa ya maumivu alikuwa amefaulu mitihani yote, na uhodari wa namna hiyo haukumfaa mgonjwa yule kitu. Uzuri ni kwamba hukumu ile haikugusa mambo mengi yanayofanya kazi: somo la lazima kwa wote, kulipia gharama za mwezi wa kuonekana kwa asiye na uwezo, usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji, aproni inayofunika. Haya hayamuulizi mtu rangi yake.

Kwetu Afrika Mashariki swali la rangi halisimami hivyo, ila la jinsia lipo, tena katika ukanda wenye wapasuaji haba kupindukia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, ulihesabu wapasuaji 1,690, sawa na takriban nusu mpasuaji kwa kila watu 100,000. Wanawake walikuwa asilimia 9. Wakati huohuo wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili na za hospitali za rufaa za mikoani hupokea majeruhi wa bodaboda kila siku. Ukanda wenye uhaba kama huu ukifundisha nusu tu ya wenye vipaji, unaongeza foleni kwa hiari yake. Tangu mwaka 2015 wapasuaji wanawake wa nchi hizi wana umoja wao, WiSA, unaowashika mkono wanaoanza. Ni mwanzo mzuri, lakini usigeuzwe kisingizio cha kuwaachia wanawake wachache kazi ya kurekebisha walichokikuta.

Wakuu wa idara za mifupa, kuanzia Moshi hadi Kampala, chapisheni kila mwaka wangapi wameomba kwenu, wangapi mmewachukua na wangapi wamemaliza, wanawake na wanaume kwa hesabu tofauti. Agizeni aproni zinazofunika kwapa. Mpeni mwanafunzi sehemu ya kupeleka malalamiko isiyokuwa ofisi ya anayemlalamikia. Na wewe msichana uliye mwaka wa tatu wa udaktari, zamu za wodi zitakapopangwa, omba ya mifupa, ingia chumba cha upasuaji, omba kushika keekee. Ukiambiwa hiyo si kazi yako, uliza sababu, na usiondoke mpaka ujibiwe.